Re: Jiwe la matumbawe ni mawe chokaa au la?

Ndugu, umeuliza kama jiwe la matumbawe la Mombasa ni mawe chokaa na kwa nini kila kitabu hulipa jiwe hili jina tofauti. Ni mawe chokaa, tena hayakusafiri: yaliota papo hapo. Kiasi cha miaka 125,000 iliyopita bahari ilikuwa juu kuliko leo. Matumbawe, kome na mwani vilijenga mwamba kwa kalsiamu kabonati ya maji. Bahari iliposhuka, mvua ikayeyusha sehemu na kugandisha nyingine kuwa kalsaiti, yaani madini ya kalsiamu kabonati. Ndiyo maana ukitazama ukuta wa Fort Jesus kwa karibu unaona vijitundu vyenye umbo la nyota, alama za matumbawe yenyewe.

Majina sasa. Dunham (1962), mwanajiolojia aliyepanga mawe chokaa kwa makundi, anauliza: kuna tope la chokaa? Chembe zinagusana? Tope tupu ni madistoni, chembe bila tope greinistoni, na kilichoungana kikiwa hai, kama hili lako, baundistoni. Folk (1959), mwanajiolojia mwingine, huangalia zaidi aina ya chembe na saruji asilia inayozishikanisha. Mimi nikiwa porini natumia Dunham.

Dondoshea jiwe siki: likitoa mapovu, ni kalsaiti. Dolomaiti, madini yanayofanana nayo lakini yenye magnesiamu, husitasita mpaka uisage.