Jangwa Si Lazima Liwe na Matuta

MASWALI YA WASOMAJI: SAFARI

SWALI: Mhariri, salamu. Agosti hii mimi na mume wangu tunatimiza miaka 10 ya ndoa, na tumejiwekea akiba ya safari ya siku tisa. Tunataka kupanda matuta ya mchanga, yale makubwa mekundu ya kwenye picha. Tumekwama kati ya Namibia, Moroko na Dubai. Twende wapi?
Msomaji, South B

JIBU: Hongereni. Mwezi wenyewe umeshajibu nusu ya swali, dada. Agosti joto la Dubai hupita nyuzi 40, na kule Merzouga, yaliko matuta ya Erg Chebbi ya Moroko, hali ni hiyo hiyo. Namibia wakati huo ni kipupwe: hakuna mvua, jua la mchana linavumilika, na alfajiri ni baridi ya kuvaa jaketi kama Limuru mwezi Julai. Nendeni Namibia.

Mahali penyewe ni Sossusvlei, ndani ya mbuga ya Namib-Naukluft. Ule wekundu ni kutu ya chuma iliyoshika chembe za mchanga. Wageni wengi hukosea kwenye malazi. Lango la mbuga pale Sesriem hufunguliwa jua linapochomoza, na kutoka hapo hadi mwisho wa lami ni kilomita 60. Aliyelala nje ya lango hufika mwanga mzuri wa asubuhi umeshapita na mchanga umeanza kupata moto. Anayelala ndani, kwenye kambi ya Sesriem, huruhusiwa kuondoka kama saa nzima mapema. Saa hiyo moja ndiyo mnayoilipia, si kitanda, kwa hiyo wekeni nafasi ya kambi kabla hata ya kukata tiketi ya ndege.

Lami ikiisha zinabaki kama kilomita tano za mchanga mzito. Gari dogo liacheni pale, mpande magari ya kubebea wageni. Kila mtu hukimbilia Dune 45, tuta lililo kando ya barabara kilomita 45 kutoka langoni, na alfajiri huwa na foleni kama stendi ya matatu. Sisi tungelipita. Endeleeni hadi Big Daddy, lenye urefu wa kama mita 325, linaloinamia bonde la Deadvlei. Pandeni kwa kufuata mgongo wa tuta, mkikanyaga nyayo za waliotangulia. Ukikatiza ubavuni, upande ambao upepo humwaga mchanga, mteremko ni mkali na mchanga umelegea: unapiga hatua moja, unarudi nusu. Jipeni saa moja na nusu hadi mbili. Kushuka ni raha, mnateleza moja kwa moja hadi bondeni kwa dakika kumi hivi, mkatue kwenye udongo mweupe uliopasuka, kati ya miti iliyokufa karne kadhaa zilizopita na haijaoza kwa ukavu wa mahali pale. Viatu viwe vya kufunika mguu mzima, na kila mtu abebe angalau lita mbili za maji.

Kutoka Windhoek hadi Sesriem ni kama kilomita 350, na sehemu kubwa ni changarawe. Wanaendesha kushoto kama sisi, lakini msidanganyike kwa kuwa barabara imenyooka na haina watu. Msipite kilomita 80 kwa saa, kwani magari ya wageni hupinduka pale dereva anapokata usukani ghafla au kushika breki kwa nguvu juu ya kokoto. Kabla ya kutia sahihi ya kukodi gari, ulizeni kama bima inagusa matairi, vioo na gari kupinduka. Mara nyingi haigusi. Na kwa kuwa mtatoka Kenya, pengine mbadilishe ndege Johannesburg, chanjeni homa ya manjano siku 10 au zaidi kabla ya safari. Kadi ya chanjo ikae pamoja na pasipoti, si kwenye sanduku.

Mkiahirisha hadi Desemba, Moroko inarudi mezani. Hapo jihadharini na neno "jangwa" kwenye matangazo ya Marrakech. Agafay, iliyo karibu na mji, ni jangwa la mawe, halina matuta. Safari ya siku mbili kwa kawaida huishia Zagora, kwenye matuta madogo. Erg Chebbi ni mwendo wa saa tisa au kumi kwa gari, kwa hiyo chini ya siku tatu mtakuwa mmelipia dirisha la basi. Dubai ni ya mwenye siku tatu tu: ndege ya moja kwa moja ya saa tano hivi, mchanga wa jioni moja, kisha madukani. Mwenye mimba au maumivu ya mgongo asipande yale magari yanayorushwa matutani.

SWALI: Tuko wanaume sita na Prado mbili. Desemba tunaenda jangwa la Chalbi, kaskazini mwa Kenya, kupanda matuta. Jamaa mmoja anasema Chalbi hakuna matuta, mwingine ana picha. Nani mkweli?
Msomaji, Ruaka

JIBU: Wote wawili. Chalbi ni sakafu ya ziwa la kale: chumvi na udongo, tambarare hadi macho yachoke. Matuta yapo upande wa North Horr, lakini ni ya chini, si ya kupanda kwa saa mbili. Nendeni kwa ajili ya weupe ule, chemchemi ya Kalacha na ngamia wa Wagabra visimani. Mkiombwa msipige picha, msipige.

Lami inawafikisha Marsabit. Jazeni matangi na mitungi ya akiba hapo hapo. Maji ni lita tano kwa mtu kwa siku, na ya ziada kwa ajili ya rejeta. Kwenye mchanga toeni upepo wa matairi hadi PSI 18 au 20, na mbebe pampu ya kuujaza tena kabla ya kurudi kwenye mawe, maana tairi legevu huchanika ubavuni. Gari likizama, mguu utoke kwenye mafuta mara moja, kwani kila mzunguko wa tairi unachimba kaburi. Fukueni mbele ya matairi yote manne, tandikeni mbao, kisha litoke polepole.

Hayo ni ya mchanga. Hatari ya Chalbi ni tope. Baada ya mvua za vuli, ganda jeupe hukauka juu likaonekana kama sakafu ya saruji, na chini yake kuna udongo laini kama ugali wa wimbi ambao haujaiva. Kutoa upepo hapo hakusaidii. Fuateni alama za magari yaliyopita siku hizo, chukueni mwenyeji wa Kalacha au Maikona wa kuwaonyesha njia, na Prado zisifuatane karibu: ya nyuma ndiyo itakayoivuta ya mbele.

SWALI: Na sisi tusio na pasipoti wala Prado? Nina watoto wawili na nyanya yao.
Msomaji, Kayole

JIBU: Mama, Shela, kisiwani Lamu. Matuta yako nyuma ya ufuo wa kama kilomita 12, watoto wanaserereka na kuishia baharini, na nyanya anafika kwa boti bila kupanda chochote. Nendeni saa kumi na nusu jioni, mchanga umepoa. Msing'oe mimea inayoyashikilia, kwani matuta hayo ndiyo yanayohifadhi maji matamu yanayonywewa Lamu. Lamu ikiwa mbali, Mambrui, kaskazini mwa Malindi, pana matuta pia.

SWALI: Simu ilirudi kutoka ufuoni kamera imejaa ukungu wa mikwaruzo. Kwa nini?
Msomaji, Umoja

JIBU: Uliifuta kwa shati. Chembe za mchanga ni ngumu, na kitambaa huziburuta juu ya kioo. Puliza kwanza kwa kipulizio cha mpira, ndipo ufute. Tundu la chaji liwekee utepe wa gundi kabla ya kutoka, na simu ikae kwenye mfuko wa plastiki wa kufunga mdomo.