Mashine ya mboji ya ndani: ikinuka siki na kugeuka uji, shughulikia maji kwanza

Mkuu, umesema mashine yako ni ile ya kukoroga na kupasha joto, ina wiki tatu tangu uiwashe, na sasa ndani kumekuwa uji, inanuka siki, na mkono wa kukorogea unagonga kila unapozunguka. Unauliza kama ununue pakiti nyingine ya bakteria. Usinunue. Bakteria unao wa kutosha, ila umewazamisha.

Fanya hivi leo, sababu nitazieleza chini. Chomoa waya ukutani, usizime kwa kitufe tu, maana baadhi ya mashine hujiwasha zenyewe muda wa kukoroga ukifika na mkono wako utakuwa ndani. Kama kuna maji yametuama chini, yanyonye kwa sifongo. Kisha mimina vumbi la mbao kavu kidogo kidogo huku ukigeuza kwa mwiko imara mpaka chini kabisa, hasa kwenye pembe ambako mkono wa mashine haufiki. Kila baada ya kuongeza, vaa glavu, chota konzi moja katikati ya mzigo (yaani vyote vilivyomo ndani) uibane kwa nguvu zako zote. Maji yakichuruzika, ongeza vumbi. Yakitokeza matone mawili matatu kati ya vidole na donge likabaki limeshikana ukifungua mkono, hapo simama. Lisipotoa tone lolote na likamomonyoka, umezidisha, nyunyizia maji kidogo.

Ukishafika hapo, tawanya bekingi soda kijiko kikubwa kimoja kwa kila kilo mbili za mzigo, geuza tena, washa. Ni bekingi soda, si bekingi poda. Poda imeshachanganywa na asidi yake, kwa hiyo inajimaliza yenyewe na hairekebishi kitu. Wala usitie magadi, ni makali zaidi. Baada ya hapo usilishe kitu kwa siku mbili kamili, na kila asubuhi na jioni fungua kifuniko kama dakika kumi mvuke utoke.

Sasa kwa nini siki. Mabaki ya chakula yana sukari na wanga mwingi, na bakteria wa kwanza kuyashambulia hutoa asidi, hasa ya siki na ile inayochachusha maziwa. Penye hewa si tatizo: wanakuja wengine wanaokula asidi hizo, pH (kipimo cha asidi; ikiwa chini, asidi ni nyingi) inapanda, joto linapanda, mambo yanaendelea. Penye maji mengi vile vinafasi vya hewa kati ya chembe vinajaa maji, na oksijeni hupenya kwenye maji polepole mno, takriban mara elfu kumi kuliko inavyopenya hewani. Asidi inatengenezwa lakini hailiwi. pH ikishuka chini ya 5, wale wala-asidi nao wanalala, na hapo mzigo umekwama hata ukoroge mchana kutwa. Bekingi soda inaunyanyua kwa muda tu. Usipoondoa maji, siku chache utarudi palepale, na ukiendelea kuongeza soda kila siku unarundika sodiamu, ambayo mimea haiitaki.

Watu wengi wanakosea kwenye vipimo kwa sababu kitabu cha mashine huandika "ongeza vitu vikavu kidogo". Kidogo ni ngapi? Tupige hesabu. Kilo moja ya maganda na mabaki ya mboga ina maji kama gramu 800, vitu vikavu ni gramu 200 tu. Uwiano wa kaboni kwa naitrojeni kwenye mchanganyiko wa namna hiyo huwa karibu 15 kwa 1, na sisi tunataka 25 hadi 30 kwa 1. Vumbi la mbao lina mamia kwa 1. Ukitia gramu 200 za vumbi kavu, uwiano unakaa sawa. Lakini pima unyevu: bado uko karibu asilimia 68, na tunautaka kati ya 50 na 60. Ukisema uushushe hadi 60 kwa vumbi peke yake, utahitaji gramu 400 hivi, na uwiano unapita 40 kwa 1. Hapo naitrojeni inakuwa haba, mzigo unapoa, unabaki na maranda yenye maganda ndani.

Kwa hiyo kipimo kinachofaa ni gramu 200 za vumbi kwa kilo ya mabaki, na ile robo lita ya maji inayobaki unaiachia mashine iivukize. Kwa ujazo, gramu 200 za vumbi laini ni lita moja au zaidi kidogo. Kama unatumia vile vidonge vya vumbi lililoshindiliwa, ni kama theluthi ya lita. Vitie vikavu, vitavimba vyenyewe. Vumbi litoke kwenye mbao tupu. La mbao zilizotiwa dawa, au la mbao za kubandikwa kwa gundi kama plaiwudi, usilitumie. Karatasi za boksi zilizochanwa zinasaidia kunyonya maji, ila zikiloa zinalala kama blanketi na kuzuia hewa, hivyo zichanganye na vumbi, zisiwe peke yake.

Hiyo robo lita ndiyo inayoangusha mashine nyingi. Maji hayo yanatoka kwa njia moja: feni ndogo inayavuta kama mvuke na kuyapitisha kwenye chujio la mkaa hadi nje. Chujio likiloa au kuziba kwa vumbi, mvuke hautoki, unageuka matone kwenye kifuniko na kudondokea humo humo. Kipimo ni rahisi: chana kipande cha karatasi laini ya chooni, kishikilie mbele ya tundu la kuingizia hewa wakati feni inazunguka. Kinatakiwa kinate. Kikining'inia tu, toa chujio ujaribu tena bila hilo. Kikinata sasa, chujio limekwisha, weka jipya. Kisiponata, angalia feni na mpira wa hewa, mara nyingi utakuta nywele za ukungu na vumbi vimejaa kwenye mapanga yake. Wapo wanaokausha mkaa wa zamani juani na kuurudisha. Unyevu utatoka, ndiyo, lakini harufu uliyokwisha kunasa haiondoki yote kwa joto la jua, hivyo hiyo ni dawa ya kusubiria chujio jipya.

Na kabla mabaki hayajaingia kwenye mashine, yaache kwenye chujio la jikoni juu ya bakuli usiku mmoja. Ukiyagandisha kwenye friza halafu ukayayeyusha, yanatoa maji mengi zaidi kwa kuwa barafu imepasua chembehai zake. Mwaga maji hayo, usiyatie ndani. Kugandisha kunaua pia mayai ya vile vinzi vya matunda. Kitu kimoja usifanye ni kusaga mabaki kwenye blenda. Watu hudhani wanairahisishia mashine kazi, kumbe wanaipa uji uliokwisha kutengenezwa, usio na upenyo wowote wa hewa. Vipande vya sentimita 2 hadi 3 ndivyo vizuri.

Tuje kwenye ule mkono unaogonga. Kama ni sauti ya kugonga mara moja kwa kila mzunguko, kuna kitu kigumu kinapitiwa: mfupa, kokwa, au donge. Nasisitiza donge, maana ndilo halitazamwi. Wali, mkate na unga uliokandwa vikiingia kwa wingi vinajiviringisha na kuwa mipira, kila mzunguko mpira unazidi kubana. Nje unaonekana wa kahawia kama mboji kabisa, lakini ukiupasua, ndani ni mweupe, umeshikana, na siki unayoinusa inatoka humo. Ipasue yote kwa mkono na uichanganye na vumbi. Baada ya hapo vitu vya wanga visizidi robo ya unachoweka, tena vimomonyoe kwanza.

Kama sauti ni ya kukwaruza na mkono unasita kisha unaendelea, kuna nyuzi zimejizungusha kwenye shafti. Hizi ni za maganda ya ndizi, majani ya mahindi, vikonyo vya mboga ndefu. Zikate kwa mkasi, usizivute kwa nguvu, kwa sababu zikivutwa zinajipenyeza kwenye oringi ya shafti (mpira wa duara unaozuia maji) na kuikwangua, kisha maji yatafika kwenye beringi. Mifuko ya plastiki inayodaiwa kuoza ina tabia hiyohiyo. Ile ya PLA, plastiki inayotokana na wanga wa mimea, inataka joto la karibu nyuzi 60 kwa muda mrefu, ambalo mashine ya jikoni haishiki mfululizo.

Mkono ukisimama kabisa na mota ikinguruma, zima mara moja. Mota ndogo zikikwama huungua au gia ya plastiki hukatika meno. Usiwashe na kuzima ukitumaini itajinasua. Kesi hii hutokea zaidi baada ya umeme kukatika siku kadhaa mzigo ukiwa nusu umelowa: unakauka kwenye kuta na kuwa kama zege. Mwagia vikombe viwili vya maji ya vuguvugu, subiri saa kadhaa, uubomoe kwa mwiko wa mbao. Ukitumia chuma utachubua utando wa ndani.

Joto lipime wewe mwenyewe, usitegemee taa ya mashine. Chukua kipimajoto cha nyama, kichomeke katikati ya mzigo, subiri kitulie. Nyuzi 45 hadi 60 ni pazuri. Chini ya 35 kwa siku kadhaa maana yake ni maji mengi, au vumbi limezidi, au hujalisha vya kutosha. Ikipita 65, bakteria wengi wanakufa. Fungua kifuniko, koroga. Usishangae kwamba inahitaji hita: mzigo wa kilo chache hupoteza joto haraka kuliko unavyolizalisha, tofauti na rundo la nje la mita moja kwa mita moja ambalo hujitunzia joto lenyewe.

Harufu nyingine kwa ufupi. Amonia, ile inayochoma pua, ina maana naitrojeni imezidi: nyama, samaki, kunde, masalia ya kahawa. Ongeza vumbi, na soda usiiguse, itaifukuza amonia hewani kwa kasi zaidi. Mayai yaliyooza ina maana kuna sehemu haina hewa kabisa, karibu kila mara ni sakafuni au pembeni. Geuza kwa mkono. Ukungu mweupe juu si ugonjwa, uache. Mafuta ya kukaangia na mchuzi wenye chumvi nyingi visiingie, kwani mafuta huzifunika chembe zisipate hewa na chumvi haiozi, inabaki hadi kwenye chungu cha maua.

Kuna mwingine aliyeuliza kuhusu zile mashine zinazodaiwa kutoa mboji kwa saa chache: hizo zinakausha na kusaga, haziozeshi. Kuvukiza lita moja ya maji kunakula takriban kilowati-saa 0.7, hakuna ujanja wa kukwepa hilo, ndiyo maana zinatumia umeme hivyo. Unachopata ni mabaki makavu. Yamwagie maji uone: yataanza kuoza na kunuka upya. Yachanganye na udongo, sehemu moja kwa kumi, uyafukie na kusubiri wiki tatu au nne kabla ya kupanda. Kuyanyunyiza juu ya udongo wa chungu ni kualika vinzi na ukungu. Kwa mtu asiye na muda wa kupima unyevu wala mahali pa kuivishia, mimi naona hizo zinamfaa, mradi asiziite mboji.

Kwa yako, chombo kikijaa toa theluthi mbili, theluthi moja ibaki. Hiyo ndiyo mbegu yako ya bakteria, na ndiyo sababu nimekukataza kununua pakiti. Hata ukianza upya, konzi mbili za mboji iliyoiva au udongo wa bustani zinatosha. Ulichotoa bado ni kibichi hata kama kina rangi nzuri. Kitie kwenye ndoo iliyotobolewa matundu pembeni na chini, kiwe na unyevu kidogo, kigeuze mara moja kwa wiki, wiki nne hadi sita. Kisha lowesha konzi moja, ifunge kwenye mfuko usiopitisha hewa siku tatu. Ikitoka na harufu ya udongo, imeiva. Ikinuka chachu, iongezee wiki mbili. Kwenye vyungu tumia sehemu moja ya mboji kwa tatu au nne za udongo, kamwe isiwe mboji tupu.

Ukirudi kulisha keshokutwa, anza na nusu ya kiasi kilichoandikwa kwenye boksi. Kile kiasi ni cha mashine iliyokwisha kuzoea. Ongeza polepole ukiona kilichoingia jana hakitambuliki tena leo. Na kama baada ya siku tano bado siki inanuka na joto liko chini ya nyuzi 35, usiendelee kuibembeleza: toa robo tatu yake, ichanganye nusu kwa nusu na vumbi la mbao kwenye ndoo ya pembeni, kisha uirudishe kidogo kidogo kama sehemu ya malisho ya kila siku.