Modem ikikata, mbona inachelewa kupiga tena?

SWALI: Fundi, natumia modem ya USB kwenye Windows, napiga kwa *99# (namba ya kuunganisha intaneti). Ikikata inakaa dakika nzima ndo irudi. Ni mtandao?

JIBU: Hapana kaka, ni Windows yenyewe imepangwa hivyo toka mwanzo, inarudia mara 3 tu na kila ikishindwa inasubiri dakika 1. Ingia Properties ya hiyo koneksheni, kisha Options, shusha muda uwe sekunde 10, majaribio weka hata 50, halafu weka tiki pale pa kupiga tena laini ikikatika maana bila hiyo tiki utakaa unasubiri bure.

SWALI: Mi niliweka sekunde 1 iwahi, sasa inaleta error 633 kila saa.

JIBU: Umeikimbiza mno dada. 633 maana yake modem imeshikwa, yani simu ya kwanza haijaachia poti (njia ya kompyuta kuongea na modem) we unataka ya pili. Rudisha 10. Ikigoma bado, cheki ile programu iliyokuja na modem, inapenda kujiwasha na kushika poti, ifunge.

SWALI: Nina kompyuta ya Linux shambani inatuma data za pampu kwa modem ya USB. Kwenye pppd (programu ya Linux inayopiga na kushika laini) nimeweka persist (ipige tena ikikata), ila kuna siku inanyamaza mpaka niende kuiwasha.

JIBU: Hii inaniuma, safari yote hiyo kwa mstari mmoja! pppd ikifeli mara 10 mfululizo inaacha kabisa, persist au siyo persist. Andika maxfail 0 (isiwe na kikomo cha kufeli), haitaacha tena. holdoff (muda wa kusubiri kabla ya kupiga tena) usipoigusa ni sekunde 30, weka 15 inatosha. Ila kuna kubwa zaidi: kwa modem za USB, PPP (mawasiliano ambayo pppd inayasimamia) inaishia ndani ya modem, kwa hiyo mnara unaweza kupotea na pppd ikaona mambo safi tu, hapo kinachochelewa siyo kupiga, ni kujua kwamba laini imekufa. Tengeneza skripti ndogo kwenye cron (kipanga ratiba cha Linux), ipige ping (kujaribu kama mtandao unajibu) kila dakika 5, isipojibiwa itume killall -HUP pppd, nayo itakata na kupiga upya.

SWALI: Mimi ni simu ya mezani, 56K. Namba ikiwa bize modem inaganda karibu dakika.

JIBU: Haisikii mlio wa bize, inangoja mpaka muda wa S7 (mpangilio wa modem wa muda wa kungoja kuunganishwa) uishe. Ongeza X4 (isikilize mlio wa bize na wa kupigia) kwenye komandi za kuanzia za modem, na kama itaanza kulalamika haioni mlio wa kupigia, weka X3 (isikilize bize tu, isingoje mlio wa kupigia).