Tafuta Uzito Kwanza: Mazoezi ya Michoro ya Haraka ya Mwili Jijini Dar es Salaam

Kijana anayejifunza kuchora hapa Dar es Salaam mara nyingi huanza na picha ya uso iliyo kwenye simu, akaigawa kwa miraba, kisha akanakili mraba mmoja baada ya mwingine hadi sura ikatimia. Njia hiyo ina soko lake na sioni sababu ya kuibeza, kwa kuwa wapo wanaolipa kodi ya chumba kwa picha za maharusi na za marehemu zilizochorwa hivyo. Hata hivyo, haimfundishi mtu namna mwili unavyosimama, ndiyo maana mchoraji anayeweza kuchora kope moja moja hukwama anapoombwa kumchora mtu aliyeinama kufunga kamba za viatu. Kinachomkwamua ni mazoezi ya michoro ya haraka ya mkao, yaani kuuchora mwili mzima kwa nusu dakika, dakika moja, au mbili ukizidi sana, bila kufuta na bila kujishughulisha na pua, vidole wala vifungo vya shati.

Kwa kuwa muda hautoshi kuchora kila kitu, lazima uamue kipi kitangulie. Wengi hushauri kuanza na mstari mmoja mrefu unaofuata mwelekeo wa mwili kutoka kichwani, kupitia uti wa mgongo, hadi kwenye unyayo. Nakubaliana nao, ila kabla ya mstari huo naangalia uzito wa mwili umeegemea wapi. Mtu akisimama kwa kuegemea mguu mmoja, nyonga ya upande wa mguu huo hupanda, bega la upande huohuo kwa kawaida hushuka, na kile kishimo kilicho chini ya koo huja kukaa takribani wima juu ya unyayo uliobeba mwili. Ukiupata mlalo wa nyonga, mlalo wa mabega na mahali pa unyayo huo, mtu wako atasimama hata kama kichwa chake ni duara tupu na mikono ni mistari miwili. Ukivikosa ataonekana anaanguka, hata ukimvalisha suti.

Swali linalofuata ni nani wa kumchora. Watu wanaokubali kukaa mbele ya wachoraji kwa malipo ni wachache hapa, na picha za mtandaoni, ingawa zinasaidia siku za mvua, zimekwisha kuugandisha mwili kabla hujauona ukitembea. Wanaoanza hukimbilia vituo vya mwendokasi na kujaribu kuwachora wapita njia, wakarudi nyumbani na kurasa za miguu isiyo na viwiliwili. Mpita njia hakupi nafasi ya pili. Ninachoshauri ni kumtafuta mtu ambaye kazi yake inamlazimu kurudia mkao uleule, kwa maana huyo ni mwalimu asiyechoka, na jiji hili limejaa watu wa namna hiyo.

Nenda Soko la Samaki la Feri asubuhi, ukasimame upande wa wapara samaki. Mpara samaki hutanua miguu kwa sababu sakafu imelowa, huinama kuanzia kwenye nyonga, huku mkono mmoja ukikandamiza kichwa cha samaki mezani na mwingine ukisukuma kifaa kutoka mkiani kuelekea kichwani, kinyume cha magamba. Bega la mkono unaopara hupanda na kushuka, lile jingine limetulia. Baada ya muda hujinyoosha, akajifuta jasho kwa kigasha kwa kuwa viganja vimejaa magamba, akamgeuza samaki na kuinama tena. Mikao mikuu hapo ni mitatu: kuinama akipara, kujinyoosha na kugeuza. Anza michoro mitatu kwenye ukurasa mmoja, na kila anaporudi kwenye mkao wa kwanza, nawe rudi kwenye mchoro wa kwanza ukaongeze mstari mmoja au miwili. Usingoje kuumaliza mmoja ndipo uanze mwingine, kwani yeye hatakungojea.

Kariakoo kuna somo gumu zaidi. Mtu anayesukuma mkokoteni wenye lumbesa hulala mbele kiasi kwamba kishimo cha koo kinapita mbali mbele ya miguu yake, na kanuni niliyoitaja inavunjika, kwa sababu uzito wake umegawanywa kati ya miguu na mkokoteni. Kwa hiyo mchore pamoja na mkokoteni, hata kama ni kwa mistari minne tu. Ukiuacha, unachora mtu anayeanguka kifudifudi. Mwenye mzigo kichwani naye shingo na mgongo hunyooka, mwendo wote ukahamia kwenye nyonga na magoti, basi huko ndiko macho yako yakae.

Vifaa havihitaji maneno mengi. Karatasi za rimu zilizobanwa kwenye ubao mwepesi na kalamu ya kawaida ya wino vinatosha. Mkaa wa kuchorea ni mzuri ukiwa ndani, lakini kwa joto la Dar jasho la kiganja litaufuta kabla hujafika nyumbani. Wino una faida nyingine, nayo ni kwamba haukuruhusu kufuta. Mkono uongozwe na bega badala ya kifundo, la sivyo mistari yako itakuwa mifupi na yenye woga.

Kuhusu adabu, salimia kwanza, eleza unachofanya, na ukiweza nunua kitu. Anayekataa aachwe. Ukiombwa kuonyesha, onyesha. Siku moja pale Feri mpara samaki mmoja aliutazama mchoro wangu akauliza, "Mbona hujanitia pua?" Kabla sijajibu, mwenzake wa meza ya pili alichungulia akasema, "Wewe huyo! Nani mwingine anasimama kwa upande kama wewe?" Nilifurahi kuliko kama angeniambia kwamba nimechora vizuri.

Macho yakishazoea kuutafuta uzito, pita Mwenge ukaviangalie vinyago vya Kimakonde vya mtindo wa ujamaa, vile vyenye watu waliobebana na kushikana kuzunguka gogo moja la mpingo. Hapo hakuna anayesogea, hivyo unaweza kuufuata uzito taratibu kutoka mgongo mmoja hadi mwingine na kuona mchongaji alivyokunja goti au kupinda kiuno ili aliye juu asimwelemee aliye chini. Baada ya hapo ndipo ngoma ziingie, kwa mfano zile zinazochezwa Kijiji cha Makumbusho. Hata huko usianze na wachezaji. Anza na wapiga ngoma, kwa kuwa miguu yao haihami sana na mikono inarudia, kisha chagua mchezaji mmoja umfuate huyohuyo hadi wimbo uishe.