Chupa ya kurudisha au ya kutupa?
Dada, umeuliza kama soda ya chupa ya kurudisha hapa Moshi ina nafuu kwa mazingira kuliko juisi ya chupa ya kioo ya kutupa, maana kuosha nako kunakula maji. Nafuu ipo, tena kubwa. Kutengeneza chupa mpya, kioo huyeyushwa kwa nyuzi joto 1,500 hivi. Kuosha ni maji ya nyuzi 60 hadi 80 na kostiki soda, kemikali kali ya kusafishia. Ya kurudisha ni nene, kuitengeneza kunakula nishati zaidi, ila ikirudi mara mbili tatu imeshafidia, na huweza kuzunguka mara 20 na zaidi.

Kinachoiua mapema ni mdomo. Ukifungulia kwa chupa nyingine au ukingo wa meza, unamegeka. Pitisha kidole taratibu: ukihisi pengo, kiwandani itatolewa tu, kwa sababu kizibo hakitabana na gesi itavuja. Usiiwekee mafuta ya taa pia, harufu yake haitoki kirahisi.

Umbali nao una hesabu yake, kioo ni kizito. Kreti za chupa tupu zikisafirishwa mamia ya kilomita, faida inapungua. Ile ya kutupa? Mara nyingi husababisha hewa ukaa nyingi kuliko hata chupa ya plastiki.