Waifai ya bure ya stendi na akaunti ya benki

Dada, kufungua programu ya benki kwa waifai ya stendi si hatari kama zamani. Programu husimba data, yaani huigeuza fumbo, kabla haijatoka kwenye simu, kwa hiyo jirani hawezi kuidaka kirahisi kama enzi za Firesheep, kile kiprogramu cha mwaka 2010 cha kudaka akaunti za watu kwenye waifai ya wazi. Kinachonitia hofu ni mtandao bandia: mtu anawasha hotspoti, anaipa jina lilelile la stendi, halafu ukurasa wa kuingilia unakuomba nywila ya barua pepe au namba ya siri ya M-Pesa. Hapo toka haraka! Ukionywa kuhusu cheti cha tovuti, yaani uthibitisho kwamba tovuti ni yenyewe, usibonyeze "endelea". Zima pia simu kujiunga na waifai kiotomatiki. Mambo ya pesa nayafanya kwa bando langu, MB chache tu zinatosha.