Mkufunzi, weka mikono nyuma

Semina yangu ya kwanza ya kuwafundisha walimu kompyuta niliiharibu mwenyewe. Siku nzima nilisimama kando ya projekta nikieleza historia ya kompyuta na tofauti ya RAM na diski. Madaftari yakajaa. Jioni mwalimu mmoja wa hisabati, mtu mzima, akanifuata pembeni: "Mwalimu, samahani, hii inawashiwa wapi?"

Siku hizi naanza na alama za wanafunzi. Kila mwalimu anakuja na orodha ya darasa lake, si mfano wa kubuni. Tunafungua Excel, programu ya majedwali ya hesabu: majina safu ya A, alama safu ya B, chini kabisa =SUM(B2:B41), yaani jumlisha alama zote za safu hiyo. Kuna mwalimu ambaye jumla yake ilikataa katakata kulingana na ya daftarini. Kosa nililiona mapema, nikanyamaza, akahangaika karibu robo saa. Kumbe 70 moja aliiandika kwa herufi O badala ya sifuri. Excel huegemeza namba kulia mwa seli, yaani kisanduku cha jedwali, na maandishi kushoto, na SUM huyaruka maandishi kimyakimya. Ile 7O ilikuwa imeegemea kushoto peke yake. Alipoiona alicheka hadi chumba kizima kikaja kuchungulia.

Kwa hiyo usishike kipanya cha unayemfundisha, hata akiitafuta herufi M mpaka usingizi ukujie. Ambaye mkono bado mzito mpe Solitaire. Windows iliuleta mchezo huo mwaka 1990, na kukokota karata kuliwazoesha wengi kipanya. Mkuu wa shule akipita ataona watu wanacheza tu, mvumilie.

Kuwafundisha wananchi wengine nawaachia walimu haohao, maana mzazi hamwonei haya mwalimu wa mwanawe. Ila Excel iwekeni kando. Huduma za serikali zinahamia mtandaoni, na asiyejua kujaza fomu humlipa mtu amjazie. Wengi hata barua pepe walifunguliwa na kijana fulani, naye ndiye mwenye nenosiri mpaka leo. Somo la kwanza liwe kulibadilisha.

Mipango ya taifa hupenda kuhesabu kompyuta zilizogawiwa. Mimi ningehesabu walimu wanaozitumia miezi sita baadaye, kwa hiyo bajeti ya semina iwe na nauli ya kurudi kuwatembelea. Niliporudi shule moja, kompyuta mbili zilikuwa zimefunikwa vitambaa. Ya tatu ilikuwa inawaka, mwalimu wa ile 7O akibishana na mwenzake kuhusu wastani.